Kuchele Mara Mbili

Dereva wa bodaboda aliyenipokea stendi ya Mkanaledi alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitano. Nilimwambia anipeleke ilipokuwa stesheni ya treni. Akapunguza mwendo, akageuza shingo. "Treni ya wapi, mzee? Mtwara hapajawahi kuwa na treni." Nikamwambia ilikuwepo, na reli yake iling'olewa kabla baba yake hajazaliwa. Akacheka kwa adabu, kama mtu anayemwachia mkubwa wake hadithi zake, kisha akapendekeza anizungushe kwenye ofisi za gesi, maana hizo anazijua zote. Hapa walikaa wale wa helikopta. Pale walikuwa Wazungu wa meli. Ndani ya ule ukuta mrefu palikuwa na kampuni ya kupika chakula cha melini. Kilomita tatu nzima hakutaja hata kampuni moja kwa wakati uliopo.

Nilikuwa nimekuja kufuata njia ambayo haipo: reli ya Jimbo la Kusini, iliyojengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga na kufungwa mwaka 1962, uhuru ukiwa bado mchanga. Nilikusudia kuanzia gatini, nipande na bonde la Lukuledi hadi Nachingwea, nione kilichosalia cha nchi iliyoambiwa kwamba utajiri uko njiani. Lakini kila nilipouliza habari za karanga nilijibiwa habari za gesi. "Walipoondoka Wazungu," aliniambia mzee mmoja pale sokoni, na tulizungumza robo saa bila kuelewana, kwa sababu mimi nilikuwa 1951 na yeye alikuwa 2016.

Bandari ya Mtwara ina umbo la chupa: shingo nyembamba inayotazama bahari, kisha ndani maji ya kina kirefu, yaliyotulia. Kabla ya 1947 hapakuwa na mji hapa wa kutajwa. Mji ulikuwa Mikindani, mwendo wa kilomita kumi hivi, wenye majahazi yake, boma lake la Wajerumani, na kumbukumbu ya Livingstone, aliyeondokea pale mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho. Mikindani ilitosha majahazi. Meli za karanga zilihitaji kwingine. Basi Mtwara ikachorwa mezani, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Lindi ikanyang'anywa makao makuu ya jimbo, yakahamia huku. Mchoro ule unaonekana hadi leo. Ukitoka Shangani kwenda Ligula kwa miguu unapita barabara pana kuliko magari yake, na kati ya ofisi na ofisi kuna nafasi ya kuchungia mbuzi. Ni mji ulioshonewa kanzu ya mtu mnene aliyetarajiwa kufika.

Mtu huyo alitarajiwa kwa sababu ya njaa ya mafuta. Si mafuta ya magari, mafuta ya kupikia. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa bado wanapimiwa siagi na majarini kwa mgawo, na mbegu za mafuta zilikuwa adimu dunia nzima. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo huku, ukazunguka kwa wiki chache, ukarudi na hesabu: mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, kwa gharama ya kama pauni milioni 25. Zaidi kidogo ya nusu ya mashamba hayo yangekuwa Kusini. Waziri wa Chakula, John Strachey, akaushikia bango mpango huo.

Ya Kongwa, mpango ulikoanzia, yanajulikana: trekta chakavu za vita, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa trekta, visiki vilivyogoma kung'oka, udongo uliokauka ukawa kama saruji. Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000, na zilizosafishwa ni kama 7,500. Vichekesho vya Kongwa vimeandikwa vya kutosha, sitaviongeza. Kilichonileta mimi ni kwamba Kusini ilibidi reli na bandari zitangulie, karanga zifuate. Bandari ya muda ilifunguliwa Mkwaya, ndani ya mkono wa bahari wa Lindi, tishari zikawa zinashusha vyuma kwenye tope la mikoko, na kufikia 1949 treni ilikuwa inafika Nachingwea. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kwamba inaachana na mpango. Pauni milioni 36 zilikuwa zimekwisha kuzama. Gati la Mtwara likafunguliwa 1954. Hebu irudie hiyo miaka polepole. Gati lilifunguliwa miaka mitatu baada ya kuzikwa kwa mzigo lililojengewa.

Haki isemwe: karanga hazikuuawa na bei. Uhaba na bei ndivyo vilivyozizaa. Ardhi, mvua na hesabu mbovu ndivyo vilivyozimaliza. Gesi imekuwa kinyume chake. Ardhi ilikubali, bahari ikakubali, bei ikakataa.

Jioni nilipata chumba katika gesti ya mwalimu mstaafu mtaa wa Chikongola, mama mwenye miwani ya kamba anayekaa mwenyewe mapokezi. Aliponiletea daftari la wageni nijaze, nilimuuliza kama ana ya zamani. Akanitazama kwanza. Nikamweleza ninachoandika. "Yapo, mwanangu. Polisi wakija kuuliza mtu wa miaka ile nifanyeje?" Akaenda stoo akarudi na madaftari matano makubwa, yaliyofungwa kwa ukanda wa khanga.

Kila aliyelala gesti ya Tanzania analijua daftari hilo: tarehe, jina, kabila au uraia, anakotoka, anakokwenda, kazi, namba ya chumba, saini. Niliacha safu nyingine zote nikasoma ile ya kazi tu. Katika daftari la 2013 safu hiyo ilikuwa kama orodha ya mitihani: rubani, fundi mitambo, mpima, mkalimani, mpishi wa melini, mzamiaji, mtaalamu wa usalama, na mmoja aliyeandika "mtaalamu" basi, akaona inatosha. Jina moja lilijirudia likapotea wiki nne, likarudi usiku mmoja, likapotea tena wiki nne. Huyo, alinieleza mama, alikuwa wa zamu: siku ishirini na nane melini, siku ishirini na nane kwao, na usiku mmoja wa kusubiri usafiri, kwenda na kurudi, akilala hapa. Ukurasa mmoja ulibeba siku mbili tu, kwa wingi wa wageni. Mimi mwenyewe nilifika Mtwara mwaka ule, nikakosa chumba mji mzima, nikalala sebuleni kwa rafiki.

Katika daftari la 2015 mistari inaanza kupwaya. Fundi mitambo yumo, rubani hayumo. Katika daftari la 2016 mwandiko wenyewe umebadilika. Mwalimu. Mwalimu. Muuguzi. "Kuuguza, Ligula." "Msiba." Mkulima. Kuna ukurasa ambao mistari yake mitatu inachukua wiki nzima. Halafu Oktoba inaingia na safu ya kazi inajaa tena kwa neno moja, limeandikwa kwa mikono kumi tofauti: korosho, korosho, korosho.

Mama alikuwa ameongeza vyumba sita ghorofani kwa mkopo aliouchukua mwaka 2014, vyenye viyoyozi, kwa kuwa wageni wa gesi walikuwa hawalali bila baridi. Alikuwa na wasichana wanne wa usafi, dobi wa kudumu na walinzi wawili wa kupokezana. Sasa ana msichana mmoja, na dobi huja akiitwa. Vyumba vya juu wanapanga wanachuo kwa mwezi, na viyoyozi amevizima kwenye swichi kubwa maana wanachuo hawalipii umeme huo. Rimoti sita amezifungia kwenye droo ya mapokezi, zimepangwa kwa namba, kila moja ndani ya nailoni yake.

Kilichotokea kati ya daftari lile na hili kilitokea mbali sana na Chikongola. Juni 2014 pipa la mafuta ghafi aina ya Brent lilifika dola 115. Wamarekani walikuwa wameshajua kupasua mwamba na kukamua mafuta mengi kuliko soko lilivyotazamia. Novemba mwaka huo nchi za OPEC zilikutana Vienna zikakataa kupunguza uzalishaji wao. Januari 2016 pipa lile lile lilishuka chini ya dola 28.

Mama akauliza swali ambalo wakubwa wengi hawakuuliza: Mtwara kuna gesi, mafuta hakuna, sasa bei ya mafuta inatuingiliaje? Nilimchorea nyuma ya risiti. Gesi ya bahari kuu haifiki mbali mpaka ipoozwe hadi nyuzi 160 chini ya sifuri, iwe kimiminika, ipakiwe melini kwenda Japani, Korea au China. Huko Asia mikataba mingi ilikuwa imefungamanisha bei ya gesi na bei ya mafuta: chukua kama asilimia 14 ya bei ya pipa, hiyo ndiyo bei ya kipimo kimoja cha gesi. Pipa likiwa dola 110, gesi ni dola 15 na ushei. Pipa likiwa dola 30, gesi ni dola 4. Na gesi yenyewe iko chini ya sakafu ya bahari, mahali pengine maji tu ni zaidi ya mita 2,000 kwenda chini. Kuchimba huko hakukushuka bei kwa kasi hiyo. Kampuni zikapiga hesabu, zikaona afadhali gesi ikae ilipo, haiozi. Meli ya kuchoronga ikiondoka, helikopta haina wa kumbeba. Helikopta ikiondoka, mpishi wa melini hana wa kumpikia. Mpishi akiondoka, chumba namba saba hakina wa kulala. Na msichana anayefua shuka za chumba namba saba anaambiwa apumzike kwanza, ataitwa.

Mama aliitazama risiti muda mrefu. "Kumbe na shuka zangu zilikuwa na asilimia zake," akasema.

Aberdeen na Houston zilipigwa na anguko lile lile, na huko watu walipewa barua, wakahesabiwa, magazeti yakaandika idadi. Huku hesabu kama hiyo ngumu kuipata, na nadhani najua sababu. Ajira nyingi ambazo Mtwara na Lindi zilipoteza zilikuwa hazijazaliwa. Kiwanda cha kusindika gesi kilichotajwa kujengwa Likong'o, upande wa Lindi, kwa makadirio ya dola bilioni 30 wakati ule, kilikuwa hakijaajiri hata mtu wa kumwaga zege, kwa hiyo hakikumfukuza mtu. Lakini kuna waliokwisha kujenga vyumba vya kuwapangisha wamwaga zege hao. Kuna waliouza shamba la urithi wakanunua Hiace ya kuwabeba. Kuna dalali aliyemaliza soli za viatu akionyesha viwanja ambavyo bei yake ilipanda kati ya asubuhi na jioni. Bei ya pipa ilipoanguka hao hawakuingia kwenye takwimu yoyote, kwa kuwa takwimu za ajira hazina safu ya mtu aliyekuwa anangoja.

Wala hawakuwa wajinga. Gesi ya Mnazi Bay, kule Msimbati, iligunduliwa na kampuni ya AGIP mwaka 1982 ikalala zaidi ya miaka ishirini kwa kukosa mnunuzi, mpaka ilipoanza kuwashia taa mikoa hii. Kisha kuanzia 2010 meli zikawa zinachoma bahari kuu na kupata, visima vikipewa majina ya sokoni: Pweza, Chewa, Chaza, Jodari, halafu Zafarani na Lavani. Makadirio ya akiba ya nchi yakapanda hadi futi za ujazo trilioni 57. Watu wakasema "Mtwara kuchele", yaani kumekucha. Nani angeambiwa kumekucha akabaki kitandani?

Ndiyo maana habari ya bomba iliwaka moto kiasi kile. Serikali ilipotangaza kwamba gesi itapelekwa Dar es Salaam, Mtwara iliandamana Desemba 2012. Januari 2013 Masasi ikaungua. Na tarehe 22 Mei 2013, siku bajeti ya Nishati iliposomwa bungeni na bomba likathibitishwa, Mtwara ikachafuka hadi jeshi likaingia mitaani. Watu walikufa. Kauli ilikuwa moja, gesi haitoki. Gesi ilitoka. Bomba lenye urefu wa kilomita 542 lilizinduliwa Oktoba 2015, na leo ukienda Madimba unaona mitambo safi, uzio, walinzi, na watumishi wachache wenye kofia ngumu. Bomba likishafukiwa halihitaji watu wengi.

Hapa nina maoni yangu, na najua Mtwara kuna watakaoyakataa. Tuligombania gesi ndogo. Iliyokuwa inaingia kwenye bomba ni ile ya Msimbati na Songo Songo, inayouzwa humu humu nchini kwa mikataba ya humu, na bei ya pipa haikuizuia. Iliyobeba ndoto ya bandari, hoteli na maelfu ya ajira ilikuwa ile ya bahari kuu, na hiyo hakuna aliyeweza kuizuia wala kuisukuma, si waandamanaji, si mawaziri. Februari 2016 Shell ikakamilisha kuinunua BG, kampuni nyingine ya gesi, na kurithi vitalu vyake vya bahari kuu. Mwaka 2021 Equinor, ambao watu wa hapa bado wanawaita Statoil, wakafuta kwenye vitabu vyao karibu dola bilioni moja ya thamani ya mradi wa Tanzania. Mazungumzo yalirudi mwishoni mwa mwaka huo, yakashika kasi 2022 bei zilipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine. Yamekuwa yakirudi.

Asubuhi niliondoka kufuata tuta. Barabara ya lami inapita Mikindani, inaacha bahari, inakwenda Mnazi Mmoja penye njia panda ya Lindi na Masasi. Nilishukia Mingoyo, nikachukua bodaboda hadi Mkwaya. Ukiwa hujui, Mkwaya ni mikoko, mashamba na ukimya. Nilimkuta mzee amekaa barazani anachambua mbaazi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetoka kampuni gani?"

"Sijatoka kampuni, babu. Natafuta ilipopita reli."

"Aa." Akaendelea kuchambua. "Nilidhani mkataba umesainiwa."

Alininyanyukia hata hivyo, akanipeleka. Tuta la reli likishaonyeshwa unashangaa hukuliona mwanzo: mgongo wa udongo ulionyooka porini, ambako hakuna kingine kilichonyooka, na juu yake mikorosho imejipanga kana kwamba inasubiri behewa. Baba yake, alisema, alibeba mataruma hapa. Alikuwa na kipande, ile kadi ya siku thelathini za kazi. Siku usiyofanya haitiwi alama, na mpaka zitimie thelathini ndipo unalipwa. Kazi ilipokatika alirudi kwenye mtama. Wenye mashamba ya mkonge, ambao walikuwa wamelalamika kwamba karanga zinawaibia vibarua, wakawapokea wengine kwa masharti yao. Baadaye baba yule aliitwa tena, reli ilipokuwa inaunganishwa na gati jipya la Mtwara. "Alijenga njia ya kwenda na njia ya kuondokea," mzee akasema, na sikujua kama ni mzaha.

Nimelifikiria sana jambo hilo la kubeba mataruma. Kazi nyingi za neema ya ghafla ni kazi za kujenga. Kufyeka, kuchimba mtaro, kumwaga zege, kupika kambini, kulinda mabomba yasiibwe kabla hayajafukiwa. Kiwanda cha gesi kinaweza kuhitaji maelfu kukijenga na mamia kukiendesha. Kwa hiyo hata bei ikikaa vizuri kuna siku ujenzi unaisha na kambi inavunjwa. Bei ikianguka mapema, siku hiyo inakuja kabla haijaanza. Baba wa yule mzee walau alipata vipande vyake.

Treni iliendelea kupita hapa baada ya karanga, ikibeba korosho na abiria, kwa hasara, hadi ilipofungwa 1962 na reli kung'olewa. Baada ya hapo Kusini ikawa kisiwa. Masika Rufiji ikifurika, Dar es Salaam ilikuwa mbali kama ng'ambo, na mtumishi aliyepangiwa Mtwara aliuliza amekosa nini. Daraja la Mkapa, la kuvuka Rufiji, lilifunguliwa 2003 tu. Katikati ya miaka hiyo vijana wa Lindi na Mtwara walikwenda kutafuta Dar, wakauza karanga za kukaanga, viatu, vioo, na wengi husema jina la Wamachinga wa Lindi ndilo lililogeuka kuwa jina la kila mchuuzi wa nchi hii. Sijui kabila jingine ambalo ukosefu wa kazi kwao umewaingiza kwenye kamusi.

Kutoka Mingoyo hadi Masasi nilihesabu malori mpaka nikachoka. Mengi yalikuwa na makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Gati lile lile la karanga, sasa likiwa na nyongeza ya mita 300, lilipata mteja ambaye hakuna aliyempanga: Ulaya ilipokosa gesi ya Urusi mwaka 2022, tani ya makaa ya mawe ilipita dola 400 katika soko la dunia, na meli zikaja Mtwara. Mama lishe walisogeza majiko karibu na foleni za malori. Mwaka uliofuata bei iliporudi chini ya nusu, foleni ikapungua, na majiko yakarudishwa yalipokuwa. Hii sikuiweka kwenye kichwa cha makala kwa sababu haikudumu hata kuitwa kuchele.

Kilichoushika mji ni korosho. Na korosho nazo zina bei ya wenzetu, ya India na Vietnam. Msimu wa 2018 wakulima walikataa bei za wanunuzi, na Novemba serikali ikaamuru jeshi lizisombe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Msimu ule ulikuwa na machozi yake. Lakini korosho ina kitu ambacho gesi haina: mti uko kwa mtu. Bei ikianguka mkulima anaumia, analaani, anakopa kwa kangomba, wale walanguzi wa korosho, ila mwakani mkorosho utachanua hata kama Vienna hawakuelewana.

Nachingwea niliingia alasiri, kwa basi la Masasi lililojaa magunia ya ufuta. Mji huu ulizaliwa na karanga moja kwa moja: mitaa yake ya zamani, uwanja wake wa ndege, namba za mashamba ambazo wenyeji bado wanazitumia kama majina. Farm 17 ndiyo maarufu, kwa kuwa baada ya Waingereza ilipata mpangaji mwingine. FRELIMO walifundishia wapiganaji wao hapo na Samora Machel aliishi hapa. Nilitaka kuona mwisho wa reli. Nilionyeshwa sehemu tatu tofauti na watu watatu wenye uhakika.

Nilichokiona, karibu na stendi, ni kibanda cha kuchomelea chenye mageti mawili ya nyumba yamesimamishwa nje, yakisubiri rangi. Fundi wake ni mtu wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 2013 alikuwa Mtwara, chuo cha ufundi stadi, katika mafunzo yaliyogharimiwa na kampuni moja ya gesi. Walifundishwa na Kiingereza cha kazini, na mwisho wakapewa cheti cha kimataifa. Alikitoa kukionyesha. Kiko kwenye bahasha ya nailoni ngumu ndani ya sanduku la vifaa, juu ya brashi za waya. Kinasema anaweza kuunga mabomba.

"Umewahi kuunga?"

"Bomba?" Akafikiri. "Ya ekzosi za pikipiki. Hizo naunga kila siku."

Aliniuliza huko Dar wanasema lini. Nikamwambia wanasema karibuni. Akatikisa kichwa, si kwa hasira, akarudisha cheti mahali pake. Wakati huo kijana wa bodaboda alikuwa ameshafika na ekzosi yake mkononi, imepasuka pale inapopinda.

"Shilingi ngapi hii, fundi?"

"Elfu nane."

"Fundi, juzi ulinifanyia elfu tano!"

"Juzi," fundi akasema, akivaa miwani yake, "gesi ilikuwa haijapanda."